Ubalozi Unaouliza Mara Moja

Mnaotaka kusikia, sogeeni. Mnaotaka kubisha, ngojeni nimalize.

Kuna nchi moja, na jina msiniulize, maana limeshabadilishwa mara nne na la sasa bado liko kwenye kamati. Nitaiita nchi yetu tu. Mimi ni raia wake mwaminifu, nimeitumikia serikali miaka ishirini na sita, na mkisikia humu jambo linalofanana na la kwenu, basi jueni nyinyi ndio mliotuiga.

Nchi yetu ina adabu. Wenzetu wana dhahabu, wana mafuta, sisi tuna adabu, tena ya kufurika, kwa sababu hakuna aliyewahi kutaka kuinunua. Adabu yenyewe ni hii: mtu wa kwetu akipewa kitu hakubali mara ya kwanza. Ukimkaribisha chai atakwambia, "Nashukuru, nimetoka kunywa sasa hivi," hata kama ametembea tangu alfajiri na midomo imempasuka. Ukimkaribisha mara ya pili atasema, "Jamani, msijisumbue." Mara ya tatu ndipo anasema, "Haya, basi nionje," halafu anamaliza birika. Anayekubali mara ya kwanza tunamwita mlafi, na majirani huenda kumpa pole mama yake.

Kielelezo chetu ni Rais, Mtukufu Baba wa Staha. Alipoombwa kuongeza muhula alikataa. Akaombwa tena, akakataa tena. Mara ya tatu akakubali, na machozi yakamtoka. Wapo wenye midomo wanaosema mwombaji mara zote tatu alikuwa yeye mwenyewe. Mimi sioni ubaya wake. Kazi nzito kama ile ya kuomba angemwachia nani? Aliwahi pia kuombwa apumzike, mara moja tu, na gazeti fulani. Kwa adabu zake hakukubali, na gazeti halikupata nafasi ya kuuliza mara ya pili.

Mimi naitwa Salehe Mwinchande, na habari hii iliponikuta nilikuwa Mshauri Daraja la Pili katika Idara ya Kuchagua Ubalozi Mdogo. Daraja la Kwanza hakuwepo. Alipofika umri wa kustaafu tulimwomba abaki, akasema hapana kama mtu mstaarabu, na sisi kwa bahati mbaya tukasahau kumuuliza tena.

*

Idara hii ipo kwa sababu ya Nchi ya Theluji, wanakokimbilia vijana wetu wote wenye ujuzi na wengi wasio nao. Theluji wana ofisi tatu za ubalozi mdogo kwetu: moja Makao Makuu, moja Kilele kule milimani, moja Gatini kwenye bandari. Zote zinatoa viza ile ile, ya karatasi ile ile. Mgeni angedhani basi unaenda iliyo karibu na kwenu. Mgeni hajui kitu.

Sheria ya Theluji inasema kwamba mwisho wa usaili, baada ya vyeti na picha na alama za vidole, afisa lazima amuulize mwombaji: "Je, unataka kwenda kufanya kazi katika nchi yetu?" Hapo ndipo penye kazi. Afisa wa Kilele ameishi kwetu miaka kumi na minane, ameoa kwetu, amezika wakwe wawili kwetu, na anajua watu. Anauliza mara tatu. Foleni yake ni ya miezi minane. Afisa wa Makao Makuu anauliza mara mbili, kwa hiyo wanaofaulu kwake ni watoto wa wakubwa, ambao malezi yao yaliishia katikati. Foleni miezi miwili.

Gatini wanauliza mara moja. Gatini hakuna foleni. Ukitaka usaili kesho utapata kesho, na kiti utachagua mwenyewe. Mpaka habari hii inatokea, kwa miaka sita hakuna raia wetu hata mmoja aliyepata viza Gatini. Walienda, wakaulizwa, wakajibu "Nashukuru, msijisumbue," wakangoja kuulizwa tena, wakaonyeshwa mlango. Afisa huandika kwenye ripoti yake kwamba wananchi wa huku wanaipenda mno nchi yao. Rais huisoma ripoti hiyo redioni kila Siku ya Uhuru, na kusema kweli hata mimi hunisisimua.

*

Jumatatu ya tarehe sita akaingia ofisini kwangu mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa nguo za msiba, mkononi ana bahasha.

"Karibu kiti," nikamwambia.

Akakaa.

Mjue nimekaa kwenye meza ile miaka kumi na moja. Raia husimama, nikamkaribisha tena, akasema amezoea kusimama, nikamkaribisha tena, ndipo akakaa pembeni kidogo. Huyu alikaa kama kiti kimenunuliwa kwa ajili yake. Nikaona labda ni uchovu. Nikamjaribu.

"Utakunywa chai?"

"Ndiyo, asante mzee. Nina kiu kweli."

Nikamwonea huruma mama yake. Baadaye nikaambiwa mama mwenyewe ndiye aliyezikwa wiki iliyotangulia.

Jina lake Mwamvita Lugazo. Ni fundi wa lifti. Aliondoka miaka tisa iliyopita kwenda Theluji kusoma, na alipomaliza akapewa kibali cha kazi akiwa huko huko, akaajiriwa, akaolewa na kijana wa kwetu anayeitwa Hatibu, wakapata mtoto. Mambo yake yote yalikuwa sawa, ila alikuwa hajawahi kutoka. Theluji, mtu ukifanya kazi ndani hawakusumbui. Ukitoka nje hata kwa siku mbili, wanataka uingie na stika ya viza ya kazi kwenye pasipoti, na stika hiyo ya kwanza lazima ukafanyiwe usaili nchini kwenu. Mama amefariki, Mwamvita ametoka. Sasa hana stika.

"Nina siku kumi na saba tu," akasema. "Mtoto wangu Kidawa ana miaka minne. Alizaliwa na nyonga mbaya. Anafanyiwa upasuaji Alhamisi ya tarehe ishirini na tatu. Nimemwahidi nitakuwepo, nitamshika mkono mpaka dawa imlaze. Tulingojea tarehe hiyo mwaka mzima, mzee. Siwezi kuikosa."

"Baba yake si yupo?"

"Yupo. Baba yake akiona damu anazimia. Na isitoshe, ni mimi niliyeahidi."

Hesabu haikuhitaji mtaalamu. Kilele miezi minane, Makao Makuu miezi miwili. Imebaki Gatini, na kama kuna raia mmoja nchini angeweza kufaulu Gatini, ndiye huyu aliyekuwa mbele yangu anamalizia kikombe changu cha chai.

"Nenda Gatini," nikamwambia. "Wewe utapita. Huna haya kabisa."

Akacheka, akashukuru. Akanyoosha mkono achukue fomu. Ikabidi nimwambie habari ya cheti.

*

Cheti cha Adabu ni agizo la Katibu Mkuu wetu, Mheshimiwa Ngoswe Pembamoto, mtu mnene mwenye sauti ya kufungulia mikutano. Hakuna raia anayeruhusiwa kusimama mbele ya mgeni kabla serikali haijathibitisha kwamba amelelewa. Nikampeleka Mwamvita ghorofani kwake, tukapanda ghorofa kumi na mbili kwa ngazi, kwa sababu lifti ya wizara ilikufa siku ya kuzinduliwa.

"Binti," Mheshimiwa akamwambia, huku amesimama, maana hata mtu mmoja humhutubia, "taifa bila staha ni sufuria bila mfuniko. Kila kilichomo kinaonekana. Wewe umekaa kwa watu wanaosema ndiyo mchana kweupe. Hatukulaumu. Lakini je, tukuache uende dirishani useme ndiyo kwa mara ya kwanza, mbele ya mgeni, kama mtu aliyekosa kwao? Mgeni atasema hawa wana njaa."

"Mheshimiwa, mimi nataka tu kumuwahi mwanangu."

"Hilo ndilo tunalokusaidia usiliseme kwa haraka," akasema Mheshimiwa, na akampangia Kozi ya Kukumbushwa, siku kumi na mbili, Jumamosi na Jumapili zikiwemo kwa sababu adabu haina wikendi. Kuanzia Jumatano tarehe nane hadi Jumapili tarehe kumi na tisa. Mwamvita akahesabu kwa vidole, akaona bado Gatini atafika.

Mkufunzi wa kozi nilikuwa mimi.

*

Sasa niseme ukweli, mimi ni mwalimu mzuri. Darasani nilikuwa na meza, birika, sahani ya vitumbua, feni na mto wa kuegemea. Mwanafunzi anaingia, ninamkaribisha kimoja kimoja. Kila "ndiyo" ya mapema ni alama mbili chini. Siku ya kwanza Mwamvita alipata sifuri, na alikula vitumbua saba.

"Ni vitamu," akasema, wala hakuona aibu.

Siku ya pili alipata alama nne, kwa sababu alikuwa na kichefuchefu. Siku ya tatu tulikuwa katikati ya zoezi la feni simu yake ikalia. Alikuwa mtoto. Sauti ya Kidawa ilijaa darasa zima, mtoto mwenyewe anazungumza kama anaita mtu ng'ambo ya mto.

"Mama, unakuja?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Siku ya hospitali utakuwepo?"

"Ndiyo, nakuja."

Nikamkata alama nne. Kanuni ni kanuni, haikusema simu haihesabiwi. Aliponiona naandika, akaweka simu mezani polepole, akaniangalia kwa muda mrefu mpaka nikajifanya natafuta kifutio.

"Mzee Mwinchande, wewe una watoto?"

"Ninao watatu."

"Wanapokuuliza kama utakuja, unawaambiaje?"

"Wangu wamelelewa. Hawaulizi."

Nilisema hivyo nikidhani nimejisifu. Lile neno lilinirudia mpaka jioni, nikamkasirikia yeye, nikamwambia kesho asipojifunza atarudia kozi yote na tarehe ishirini na tatu itampita akiwa hapa na vitumbua vyangu. Ndiyo, nilimtisha. Nilikuwa na hasira na sikujua ni ya nini.

Kesho yake alikuja akiwa mtu mwingine. Alikuwa amelala akiwaza, akaja na daftari lenye mchoro wa waya na visanduku.

"Nimeelewa," akasema. "Nilikuwa nalichukulia kama tabia. Hii ni saketi tu. Lifti mbovu unabonyeza mara tatu ndiyo mlango unafunguka. Basi nitajifunga waya hivyo hivyo. Sitafikiria chochote. Mtu akinikaribisha kwa upole, mdomo ujibu wenyewe."

Na kweli alijifunga. Sijawahi kuona mwanafunzi kama yule. Nilimkaribisha chai akiwa anapiga miayo: nashukuru. Nilimkaribisha akiwa anakohoa: msijisumbue. Siku ya nane nilimnyemelea nyuma kwenye korido nikamwambia kwa sauti laini, "Karibu mwavuli," mvua inanyesha, na akasema "Nashukuru, napenda kulowa," kabla hajageuka kuona ni nani. Nikaenda chooni nikapangusa macho. Mwalimu ukifanikiwa unasikia kitu ndani, acheni wee.

Jumapili alihitimu kwa alama tisini na nane. Mbili nilizikata kwa sababu mia moja ingekuwa majivuno. Mheshimiwa Pembamoto alihutubia saa mbili na nusu, wahitimu wakiwa mmoja, akasema leo binti amerudi nyumbani. Kisha akaniita pembeni, akaniagiza nimsindikize Gatini.

"Nikamsaidie?"

"Ukashuhudie," akasema. "Miaka sita ile ripoti haijapata doa."

*

Ndani ya treni Jumatatu nilimkumbusha mwenyewe, ili mjue sikuwa na roho mbaya. "Sikiliza, mwanangu. Kesho ni Gatini. Unaulizwa mara moja. Lile swali likija tu, sema ndiyo. Niliyokufundisha yasahau kwa dakika moja."

"Najua, mzee. Ndiyo. Ndiyo, nataka." Akairudia njia nzima, kwa muda wa saa tisa, abiria wa mbele yetu akahama siti akidhani anaposwa. Tiketi ya ndege alikuwa nayo mkobani: Jumanne jioni kutoka Gatini, kufika Jumatano, na Alhamisi asubuhi hospitali.

Ubalozi wa Gatini ni jengo safi lenye kiyoyozi na viti arobaini vitupu. Afisa alikuwa kijana mrefu mwenye miwani, amesoma Kiswahili chuoni na kimejaa heshima za vitabuni. Alipotuona alisimama, akanyoosha tai. Alikuwa hajaona mwombaji tangu Februari.

Na hapa ndipo sikufikiria, na mpaka leo najilaumu. Nilidhani atakuwa mkali. Maafisa wa dirishani si huwa wakali? Yule kijana alikuwa na furaha ya kupata wageni.

"Karibuni sana. Karibu kiti, dada."

"Nashukuru, nimekaa sana kwenye treni."

"Maji ya baridi?"

"Jamani, msijisumbue."

Nikasikia fahari imenijaa kifuani, Mungu anisamehe. Nilikuwa natabasamu.

Afisa akapitia vyeti. Mkataba sawa, barua ya mwajiri sawa, picha sawa, vidole sawa. Akauliza habari za lifti, Mwamvita akamweleza kebo na breki na uzito, kijana akawa anatikisa kichwa kwa raha. Akasema hajawahi kuona faili zuri namna hii. Kisha akaweka kidole juu ya kitufe, akainama kidogo kwenye kioo, na kwa sauti ya mwenyeji anayekaribisha mtu mezani akauliza:

"Je, dada, unataka kwenda kufanya kazi katika nchi yetu?"

"Nashukuru, msijisumbue."

Lilitoka laini, bila kigugumizi. Alama mia.

Nakumbuka mlio wa kitufe. Nakumbuka afisa ameganda. Mwamvita mwenyewe alikuwa bado ana lile tabasamu la darasani, kisha likaanza kuondoka usoni, nikamwona anasikia alichokisema.

"Hapana," akasema. "Hapana, ngoja. Ndiyo. Nataka. Nimesema ndiyo, kaka, nataka."

"Nimeshaandika jibu." Kijana alikuwa karibu kulia. "Likiingia kwenye mfumo halitoki. Unaweza kuomba tena baada ya miezi sita."

"Mwanangu anapasuliwa keshokutwa."

"Nasikitika sana, dada. Kwa nini ulikataa?"

Mimi ndiye nilijua kwa nini. Miguu ikanipeleka dirishani yenyewe, nikapiga kioo kwa kiganja. "Anataka," nikasema. "Anataka, nakwambia, mimi ndiye niliyemfundisha vile. Anataka tangu tarehe sita."

Afisa akaniangalia, akaangalia saa. "Mzee, nafasi aliyoikataa, ya fundi mmoja wa lifti, bado iko wazi. Saa sita inafutika. Una pasipoti?"

Nikadhani anataka kitambulisho cha shahidi. Pasipoti yangu ya kazi natembea nayo miaka yote, haijawahi hata kufunguka vizuri. Nikaipitisha chini ya kioo.

"Je, mzee, unataka kwenda kufanya kazi katika nchi yetu?"

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo, anataka, ndiyo, hata leo."

Nina miaka hamsini na mbili. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kukubali kitu kilipotajwa tu, na sikujua hata ninachokubali. Kijana akagonga muhuri, akaupuliza wino, akanirudishia pasipoti ikiwa na stika inayong'aa.

"Hongera, fundi," akasema.

*

Tulikaa kwenye ngazi za nje. Nikamwekea pasipoti mapajani. "Chukua."

"Ina sura yako, mzee."

"Basi turudi ndani tumweleze."

"Tumeshamweleza." Alikuwa hajalia. Alikuwa anafikiri, mafundi ndivyo walivyo, kitu kikiharibika hawapigi kelele, wanaangalia kipi bado kinafanya kazi. Kisha akafungua mkoba, akatoa tiketi, akaitazama.

"Utaenda wewe," akasema.

Nikamwambia mimi sijui hata lifti inaanzia wapi. Nikamwambia nina kazi, nina mke, nina cheo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umenikata alama nne kwa kumwambia mwanangu nakuja," akasema. "Utaenda, utamshika mkono. Mkono wa kushoto, wa kulia watauchoma sindano. Usimfinye. Akikuuliza jambo mjibu, hapendi mtu anayenyamaza. Na usimwambie kwamba nilikataa. Chochote utakachomwambia, hilo usimwambie."

Hakuniuliza kama nataka. Mchana huo tukabadilisha jina kwenye tiketi.

*

Serikali haikuchelewa. Jumatano nilipotua Theluji na kuwasha simu nikakuta ujumbe mia na kitu. Redio ilikuwa imetangaza kwamba binti mzalendo aliyeishi ughaibuni miaka tisa, akiwa na mkataba mkononi na kila kitu tayari, ameulizwa na wageni na akawakatalia. Rais alikuwa amemtunuku Nishani ya Hapana, Daraja la Kwanza. Mwamvita alipelekwa Ikulu kwa gari la king'ora. Mtukufu alipomkaribisha nishani, akasema hapana. Watu wakapiga makofi kwa adabu yake. Mara ya pili akasema hapana, wakasimama. Mara ya tatu Mtukufu akawa ameshainua ile pini, na Mwamvita akasema hapana. Kanuni inaishia tatu, na hakuna anayejua la kufanya baada ya hapo. Nasikia nishani bado ipo kwenye mto mwekundu, na kamati inakutana kila Jumanne.

Mimi nilifukuzwa kazi na Mheshimiwa Pembamoto hewani, katika kipindi cha mchana. Aliniita mlafi wa kihistoria. Majirani walienda kumpa pole mama yangu, wakakumbuka alishafariki, wakampa mke wangu.

Msihangaike, mtoto alipona. Sasa anakimbia kwenye korido za jengo wanamokaa mpaka wapangaji wa chini wanalalamika. Mama yake yuko kwenye foleni ya Kilele, namba mia nne na tatu. Mimi waajiri wangu wa Theluji hadi sasa hawajanigundua, kwa sababu lifti zote nilizotumwa kutengeneza nimeandika zinahitaji kufikiriwa. Ninachotaka kuwasimulia ni zile dakika kumi za Alhamisi asubuhi.

Hatibu, baba yake, alinipokea mlangoni mwa wodi, kijana mpole, uso umemsawajika kwa kukosa usingizi. Mwamvita alikuwa kwenye simu na mtoto mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na pale simu wakaichukua, haziruhusiwi. Hatibu akabaki nje ameegemea ukuta. Nikavalishwa kofia na joho la kijani, nikaingia nyuma ya kitanda.

Kidawa alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Nikamshika mkono wa kushoto. Akaniruhusu, ila alikuwa ananichunguza.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mzee Mwinchande. Mama yako amenituma."

"Mama hakutaka kuja?"

"Anataka sana."

"Walimuuliza?"

Muuguzi alikuwa anaandaa ile barakoa ya dawa, mimi sijui anachosema wala yeye hajui tunachosema. Nikatamani aharakishe.

"Walimuuliza," nikasema.

"Akasemaje?"

Nimekuwa mtahini miaka kumi na moja. Nimewasikiliza watu maelfu wakisema wasichokitaka, nikawapa alama na vyeti. Sikuwahi kudhani siku moja nitaulizwa mimi, na mtoto wa miaka minne, na kwamba nitalitaka jibu moja tu katika majibu yote duniani liwe ndilo lililosemwa.

"Alisema ndiyo," nikamwambia. "Walimuuliza mara moja tu, akasema ndiyo."

Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Muuguzi akamwekea barakoa, nami nikakaa nimemshika mkono, bila kuufinya, mpaka vidole vyake vikalegea.